Gari la Dada Linakunywa

Nje ya kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi refu lenye mguu mmoja uliolegea, na asubuhi hiyo lilibeba watu kadhaa na shida moja. Shida ilikuwa ya Kijiko, dereva mwembamba aliyeachiwa gari na dada yake mkubwa, mkunga, alipokwenda masomoni. Gari la kisasa: lina injini ya petroli, lina betri kubwa ya umeme, na vitufe vya kuchagua kipi kifanye kazi. Dada aliondoka na neno moja tu: "Litunze, petroli huwa linaonja tu." Leo jioni anarudi, na mwezi mzima gari halijaonja. Limekunywa kama limetoka jangwani. Kijiko alikuwa anategemea kupewa kazi ya kuwaendesha wakunga wote wa zahanati. Sasa kahawa aliyomiminiwa na Mama Kahawa, muuzaji wa pale kibarazani, ilikuwa inapoa kikombeni.

— Tatizo vitufe, alisema Kinyozi, aliyemwacha mteja ndani na nusu kichwa. Wewe unabonyeza kipi?

— Mwanzoni, mjini nilikuwa naweka petroli, maana foleni inaichosha betri. Barabara kuu nilikuwa naweka umeme, nakanyaga mpaka mwisho.

— Hapo umepatia, alisema Profesa, karani mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani. Ukikimbia, upepo unaingia kwa mbele unazalisha umeme.

— Unaingia wapi? aliuliza Kijiko.

— Kwenye matundu.

— Acha uongo! Kinyozi alidakia. Ni kinyume. Umeme wa mjini, petroli ya barabara kuu.

— Nani kakwambia? aliuliza Profesa.

— Mashine yangu ya kunyolea. Ya umeme, na haijawahi kutoka mjini.

Benchi likacheka mpaka ule mguu ukalalamika. Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Nyie wanaume hamjui kitu. Petroli na umeme ni wake wenza. Mmoja umembebesha kazi zote, mwingine kanuna. Hakuna kitufe cha kuwapatanisha?

— Kipo. Cha kuchanganya.

— Kibonyeze, na uombe radhi.

— Nilishabonyeza, mama. Halikusikia. Ndipo nikahamia kile cha "Chaji". Injini inanguruma, inajaza betri huku natembea. Wiki hii nzima sijakitoa.

Profesa alisimama wima.

— Basi umemaliza kazi! Petroli inazaa umeme, umeme unazaa mwendo, mwendo unazaa upepo, upepo unaingia kwenye matundu! Hilo gari linaweza kuwasha taa za mtaa mzima.

— Mbona sasa linakunywa hivyo?

— Linanyonyesha, mjinga wewe. Anayenyonyesha hanywi?

Kijiko akashusha pumzi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Maelezo yalikuwa matamu. Akaanza kupanga moyoni jinsi ya kumwambia mkunga kwamba gari lake linanyonyesha.

Hakumaliza kupanga. Teksi ilisimama mbele ya benchi, akashuka Dada mwenyewe na begi lake. Alipata usafiri wa mapema.

— Shikamoo, dada!

— Marahaba. Mnagombania nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja: matundu, wake wenza, maziwa. Dada alisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, kama anavyowasikiliza wajawazito wa mimba ya kwanza. Kisha akauliza kwa upole:

— Sawa. Na huwa mnalichomeka wapi?

Kinyozi akakumbuka mteja wake. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta. Mama Kahawa akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Kulichomeka? alisema Kijiko. Dada, si lina petroli?

Dada akaenda ubavuni mwa gari, lililoegeshwa kando ya benchi, akabonyeza kimlango kidogo ambacho Kijiko alikisugua kila asubuhi akidhani ni pambo. Kikafunguka. Akafungua buti, akatoa waya mnene wa kuchajia, ukiwa bado kwenye mfuko wake wa kiwandani.

— Ukilala nyumbani, nalo linalala kwenye umeme. Hicho kitufe cha "Chaji" usikiguse tena, kinachoma petroli kutengeneza umeme. Wakunga wanaanza safari Jumatatu. Jifunze kabla ya hapo, la sivyo namtafuta dereva mwingine.

Kijiko aliupokea waya kwa mikono miwili, kama baba aliyekabidhiwa mtoto wa kwanza. Akaugeuza huku, akaugeuza kule, akawatazama wenzake.

— Jamani, kichwa ni upande upi?

Benchi zima likainama kutazama.