Macho ya Mwana wa Boga

Wewe uliyejitia kutazama maji kwenye feri ya Likoni asubuhi hii, ulisikia kama mimi. Mwalimu Mramba wa sekondari alimwambia mzee Boga kwamba Jumatatu atamfukuza mwanawe. "Kitabu cha elimu ya akili chasema mwanafunzi asiyekutazama machoni hafahamu kitu."

"Wallahi, mwalimu, ni mimi niliyemfunza kuinamisha macho mbele ya mkubwa!"

"Basi umemfunza ujinga, mzee wangu."

Mara akapita mkaguzi wa shule, Mzungu, akamuuliza Mramba habari za darasa. Msomi wetu, macho chini, akavijibu viatu vyake mwenyewe.

Boga akacheka. "Kumbe nawe hufahamu kitu!"

Feri ikatia gati. Leo bado Jumamosi: mfuate Mramba sasa hivi, umwambie kwamba mtoto yule hatoki darasani.