Zawadi ya Muzee Honoré Ifunguliwe Palepale

Ndugu mfanyakazi mwenzangu, nakusihi: karatasi hii usiisome kwa sauti, usiipige picha kwa simu, na usimwambie mtu yeyote neno lake hata moja, hata wa nyumbani kwako. Ile ya sherehe, yenye maua pembeni, niliiandika kwa amri. Hii hakuna aliyeniagiza.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Muzee Honoré anastaafu baada ya miaka ishirini na sita kwenye lango la depo yetu. Alizaliwa Bule, na ujanani alikuwa mwizi. Hakuwahi kuficha. Aliiba kuku, baiskeli, na safari moja kengele ya shule, ambayo alishindwa kuiuza kwa sababu kila alipopiga hatua ililia.

Alipokuja kuomba kazi, wote walimkataa isipokuwa karani mmoja kijana kutoka Nia-Nia, aliyeitwa Adolphe. Adolphe wa siku zile hakupokea hata soda ya madereva. Alisimama mbele ya wakubwa akasema: "Huyu anajua wezi wanapitia wapi. Mutu anaweza kubadilika. Mumupe funguo."

Wakampa. Katika zamu zake haukupotea hata msumari. Adolphe alipokuwa ameshapanda cheo na kuwa Shefu wetu, alisimamishwa langoni asubuhi ya mvua kubwa.

"Jina?"

"Muzee, ni miye!"

"Miye si jina."

Depo nzima ilicheka, na Shefu, maji yakimchuruzika, alicheka kutushinda sote.

Siku hizi hacheki. Sijui nini kilimgeuza. Vita vilipowaleta watu wa Djugu mjini, tuliletewa maturubai ya kuwafunika, na siku ambazo Muzee hakuwa zamu yalianza kutoka na kuonekana sokoni. Mama Agathe, dada yake Muzee, yuko kambini chini ya turubai lililopasuka. Bado anaambiwa asubiri.

Jumapili moja Shefu alikuja na lori akaamuru lango lifunguliwe. Nilikuwa zamu ofisini, dirisha liko wazi. Muzee alimjibu kwa upole, kama anayempa pole: "Shefu, siku ile ulisema mutu anaweza kubadilika. Sikujua ulikuwa unasema juu yako."

Lori liligeuka. Wiki iliyofuata tulitangaziwa kwamba Muzee amechoka, inafaa apumzike.

Sasa wakaguzi wanakuja. Maturubai yaliyopungua yanahitaji mwizi, na mwizi wa zamani yupo, kila mtu anamjua. Jumatatu mchana umeme ulikatika, jenereta haijawashwa bado, na katika ukimya ule nilimsikia Shefu akiongea kwa simu na jamaa yake wa polisi: "Mumungojee kwake, kule Bigo. Akishaingiza zawadi ndani ya nyumba, muingie."

Programu inasema zawadi ni blanketi. Nimelichungulia furushi lile. Ni maturubai yetu, yenye alama ya depo, yamefungwa ndani ya kitenge kizuri.

Nilimwambia Muzee. Alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto yangu, huo mutego ni wangu! Nilikuwa naiba kuku, nakula, manyoya natupa kwa jirani. Polisi wanafuata manyoya." Kisha akaangalia funguo mkononi. "Yule jirani alifungwa kweli," akasema.

Nilimwomba akimbie. Akakataa. "Nikikimbia, basi niko mwizi. Nitaipokea, na nitaifungua palepale."

Adabu yetu tunaijua: zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Hubebwa kwa nyimbo mpaka nyumbani. Shefu anaitegemea adabu hiyo. Basi Ijumaa tuikose. Soda zikiisha, usiondoke. Muzee akianza kulegeza kitenge, usimkemee, wala usigeuze uso kwa aibu. Tazama, ili useme baadaye kwamba furushi lilitoka mkononi mwa nani. Tukibaki wawili watatu, tutafukuzwa na yeye atafungwa. Tukibaki wote, sidhani watathubutu. Sina hakika. Naogopa sana.

Muzee Honoré, asante kwa kuilinda mali ya watu, hata dhidi yetu wenyewe. Tunakuombea uzee wa usingizi mzuri, katika nyumba ambayo mlango wake unaufunga na kuufungua wewe mwenyewe.

Sitii sahihi. Wewe uliyesoma, usinipigie simu wala usije mezani kwangu. Kabla ya Ijumaa, pita kwa Mama Dorothée anayeuza mikate nje ya lango, umwambie tu kwamba utabaki mpaka mwisho. Yeye ataniambia. Baada ya Ijumaa huenda sitakuwa na kazi tena. Hapo nitafute Bigo, nyumbani kwa Muzee, nyumba ambayo jiko lake limeezekwa nusu. Tukiwa salama, tutakuwa pale. Lakini usigonge tu mlango. Taja jina lako lote, nami nitakutajia langu. Pale hafunguliwi mtu anayesema "ni miye".