Maneno Aliyoyarudisha Bi. Loice Wakio

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Loice Wakio, msaidizi wa mahakama na mkalimani wetu, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na minne. Miaka kumi na tisa ya mwisho ameitumikia hapa kwetu Mlughi, na hakuna hakimu aliyepita kituo hiki ambaye hakumtegemea.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu mwepesi, wa kuchangamsha wageni kabla ya chakula. Bi. Wakio naye alinipa sharti lake: "Reuben, usipoandika habari za Munyoki, basi hata jina langu usiliandike." Kwa hiyo wageni wetu mniwie radhi. Mambo haya yalitushtua yalipotokea, na hadi leo si rahisi kwangu kuyasimulia.

Alizaliwa Mgange, kwa baba Mtaita na mama Mkamba kutoka Kibwezi, akakua akisalimia kwa Kidawida na kugombezwa kwa Kikamba. Kitaveta alikiokota miaka aliyofanya kazi Taveta, sokoni, akibishania ndizi. Aliajiriwa mwaka 1991 kupiga chapa, lakini siku mkalimani alipougua, hakimu aliuliza ni nani anayemwelewa yule mzee kizimbani. Wakio akanyoosha mkono. Hakurudi tena kwenye mashine ya chapa.

Wengi mnakumbuka siku shahidi mmoja kutoka Chala alipokasirika na kumtukana hakimu kwa Kitaveta, tusi refu lenye kumtaja hadi nyanya yake. Korti nzima ilimgeukia Bi. Wakio. Alikohoa, akanyoosha sketi yake, akalitafsiri tusi lote kwa Kiswahili sanifu, neno kwa neno. Hakimu aliinamia meza mabega yakimtikisika kwa kicheko, kesi ikaahirishwa kwa dakika kumi.

Januari 2021, akiwa na miaka hamsini na mitano, alijiandikisha chuo kikuu mjini Voi kusomea kriminolojia na haki ya jinai, masomo ya wikendi. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama alipoingia darasani wakidhani ndiye mhadhiri. Yeye akatafuta kiti cha nyuma, akatoa daftari na miwani. Vijana wale walitaka kuwa wapelelezi. Alipoulizwa yeye anataka nini, alisema anataka kujua kwa nini watu anaowaona kizimbani hawapungui. Kila Jumatatu alikuwa akitusomea pale masjala nadharia za uhalifu wakati wa chai, nasi tukimtania kwamba tumeletewa profesa.

Utani uliisha Julai 2023.

Jumamosi moja Dkt. Mbeyu, mhadhiri wake, aliandika ubaoni maneno matatu: *Ni kweli, lakini.* Akawauliza wanafunzi, "Mshtakiwa amejibu hivi. Amekiri ama hajakiri?"

Bi. Wakio alikuwa wa kwanza kujibu. "Amekiri, Daktari. Hiyo ya lakini ni maombi ya kupunguziwa. Husemwa baadaye."

"Hajakiri," Dkt. Mbeyu akasema. "Korti haijui kuna nini baada ya hiyo lakini. Pengine ndimo utetezi wake wote ulimo. Hapo huandikwa kwamba amekana, na kesi isikizwe. Ukimkata kwenye koma, umemfunga kwa mdomo wako."

Bi. Wakio aliomba ruhusa, akatoka, akakaa kwenye ngazi nje ya darasa. Mwanafunzi aliyemfuata na maji alimkuta ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

Wakalimani wengi hawaweki kumbukumbu. Yeye alikuwa akiandika kila anachoambiwa kizimbani, kwa mkato, katika madaftari ya shule, na yale yaliyojaa aliyafungia kwenye sanduku kule Mgange. Alienda akayafungua. Kwa wiki mbili aliyasoma moja baada ya jingine. Alipata watu kumi na mmoja ambao yeye aliwasikia wakisema "ni kweli, lakini", na korti ikasikia kutoka kwake "ni kweli" tu. Hakuwa na chuki na yeyote. Kila Jumatatu tulikuwa na washtakiwa arobaini waliokamatwa wikendi, na yeye aliamini kwa dhati kwamba maelezo yana wakati wake. Kumi kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wameshamaliza vifungo vifupi au kulipa faini. Mmoja alikuwa bado ndani.

Huyo ni Munyoki, Mkamba na mwendesha bodaboda wa Maungu. Machi 2019 alisimamishwa barabarani akiwa na mfuko uliokuwa na vipande vya pembe za ndovu. Alihukumiwa miaka saba.

Jumatatu iliyofuata, Bi. Wakio alikuja kaunta ya masjala kabla ya milango kufunguliwa kwa umma, akaniomba faili. Akaifungua juu ya meza yangu, akaweka daftari lake kando yake. Kwenye faili: *Ni kweli.* Kwenye daftari: *Ni kweli mfuko nilikuwa nao, lakini ni wa abiria, alinilipa niupeleke stendi, sikujua ndani kuna nini.*

Niliyasoma yote mawili mara mbili.

"Reuben," akaniambia, "siku hiyo ulikuwa umesimama pale ndani na mafaili. Wewe ni Mkamba. Ulisikia?"

Nikamwambia sikumbuki.

Hakunibishia. Alibeba faili na daftari akaenda chumbani kwa hakimu, aliyekuwa mgeni kwetu, kwani yule aliyehukumu alishahamishwa. Mlango ulibaki wazi, tukasikia.

"Bi. Wakio, unaelewa unalofanya? Ukiniachia hii mezani, siwezi kukurudishia."

"Ndiyo maana nimeileta, Mheshimiwa."

Kabla ya saa sita kituo kizima kilikuwa kimepata habari. Siwezi kueleza jinsi tulivyoshtuka. Huyu ndiye mama aliyetufundisha kazi, ambaye mahakimu walimwita kamusi. Wengine walisema amerukwa na akili, masomo ya uzeeni yamemzidi. Wengine walisema anatuchimbia kaburi sote. Ijumaa alisimamishwa kazi uchunguzi ufanyike. Alipita kwenye meza ya chai kuaga, na kati ya watu saba waliokaa pale, hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa niseme langu. Nilisikia. Siku ile ya Machi 2019 nilimsikia Munyoki kwa lugha ya mama yangu, kila neno, nikasikia na tafsiri iliyofuata. Nilijiambia wakubwa wanajua kazi yao. Na kila mwisho wa mwezi Kalondu, mama yake Munyoki, alikuja kaunta yangu kutoka Maungu na leso yake kichwani, akiuliza kama faili ya mwanawe imesogea. Kila mwisho wa mwezi nilimjibu, "Mama, alikiri mwenyewe." Kwa miaka minne na zaidi nilimjibu hivyo, kwa Kikamba.

Alikuja tena mwisho wa mwezi ule. Nilianza kumjibu kama kawaida, nikaishia kwenye "Mama". Akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nilimwomba aketi. Kisha nikaenda chumbani kwa hakimu, nikamwambia nataka kula kiapo.

Baadaye niliambiwa kwamba daftari peke yake lingebishaniwa sana. Viapo viwili, chake na changu, vilitosha. Jalada lilikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 2023 hukumu ya Munyoki ikafutwa. Kwa muda aliokuwa amekaa ndani, jaji aliona si haki kumrudisha kizimbani. Mimi nilipewa barua ya onyo, nimeihifadhi. Bi. Wakio alirudishwa kazini, naye akiwa na onyo kali. Miezi yote aliyokuwa nje hakukosa darasa hata Jumamosi moja. Alimwambia Dkt. Mbeyu kwamba sasa ndipo anaanza kusoma.

Wiki mbili baada ya Munyoki kutoka, Bi. Wakio aliniita twende Maungu. Nilimwambia tutafukuzwa. Akasema basi tutafukuzwa tukiwa tumefika.

Kalondu alitupokea, akatupa maji, akatuonyesha kaburi la mumewe kando ya uzio. Mzee alifariki mwaka wa pili wa kifungo cha mwanawe. Munyoki alikuwa ameketi kwenye jiwe, amekonda, akitazama mikono yake. Bi. Wakio hakukaa. Alijitambulisha, akaeleza alichofanya, hakujitetea kwa wingi wa kesi wala uchovu.

Munyoki aliinua uso kumtazama. Kisha akauliza, "Mama, siku ile nilisema habari ya abiria? Niliisema kwa mdomo?"

"Uliisema yote. Niliisikia yote."

"Kwa sababu kule ndani kila mtu alinisomea faili, ati sikusema. Wakili wa msaada pia. Mwaka wa tatu nikaanza kuamini sikusema. Nikawa najiuliza, kwani akili yangu iko sawa?" Akafuta uso kwa kiganja. "Basi nilisema."

Hakutuambia ametusamehe, nasi hatukumwomba atuambie. Kalondu alitusindikiza hadi barabarani. Bi. Wakio alilia kutoka Maungu hadi tulipoyaona mataa ya Voi, na mimi nilitazama dirishani.

Tangu arudi, kila aliyeingia mahakama yetu ameona jinsi anavyofanya kazi. Mshtakiwa akianza kujibu, Bi. Wakio humwinulia hakimu kiganja, kwa heshima, hadi mshtakiwa amalize. Vikao vyetu sasa huisha jioni. Mahakimu wameacha kulalamika. Mkalimani mpya, Rachel, amekaa kando yake mwaka mzima akijifunza hivyo hivyo, na daftari lake mwenyewe.

Desemba 2024 Bi. Wakio alivaa joho. Tasnifu yake ilihusu majibu ya washtakiwa wasiojua lugha ya korti, na kisa cha kwanza ndani yake ni chake mwenyewe, kwa jina lake kamili. Dkt. Mbeyu amemwomba awe akija kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Amekubali, mradi iwe Jumamosi, maana siku nyingine atakuwa shambani Mgange na kabeji zake.

Bi. Wakio, ulipokuja na lile daftari tulikuogopa kuliko tulivyowahi kumwogopa mkaguzi yeyote. Lakini tangu siku hiyo watumishi wawili wa kituo hiki wameingia chumbani kwa hakimu, kila mmoja na faili ya zamani mkononi, wakaufunga mlango nyuma yao. Hawakuitwa na mtu.

Asante kwa miaka yote, ile uliyoifanya vizuri na ile uliyorudi kuitengeneza. Mungu akupe afya, mvua za vuli zisikupite, na Jumamosi zako zijae vijana wabishi. Maisha mema, mama yetu.

*Reuben Mukonyo, Masjala*