Walisema Nnaweza Kusimama

Sifa njema zote ni za Mola wetu, aliyenifikisha mbele yenu leo nikiwa na pumzi na akili yangu. Ndugu zangu, assalaam alaykum. Imamu kaniomba nizungumze kidogo baada ya sala hii ya alasiri, kwa sababu wengi wenu mmefika Maskati juzijuzi kutoka Unguja, na nnasikia baadhi yenu mmeanza kukata tamaa. Mie si msemaji. Nitakuelezeni yaliyonipata, basi.

Nnaitwa Nassor. Nilikuja huku na mke wangu Salha mwaka ule wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, hatuna kitu ila nguo za mwilini. Kwetu nilikuwa na shamba dogo la mikarafuu. Huku nilipata kazi ya kupasua mawe ya kujengea, kwa tajiri mmoja, kule milimani nyuma ya Matrah. Ilikuwa kazi ngumu, lakini tulikula.

Asubuhi moja jiwe likaporomoka kutoka juu, likanipiga nyongani. Nilipozinduka nilikuwa hospitali. Daktari akanambia bila kuficha kwamba mguu huu wa kulia hautarudi tena, na mgongo nao umeharibika.

Tajiri aliahidi mbele ya liwali kwamba atanilisha maadamu siwezi kazi. Kila mwezi gunia la mchele, tende, na mafuta ya taa. Akatimiza kwa muda. Halafu mwezi mmoja hakikuja kitu. Salha akaenda kuuliza, akarudi na jawabu. Msimamizi wetu wa kazi, Hamed, alikuwa kamwambia tajiri kwamba mie husali msikitini nimesimama. Na tajiri akasema, anayeweza kusimama kusali anaweza kusimama kazini.

Ndugu zangu, ilikuwa kweli. Nilikuwa nikisimama. Watu wakinifikisha msikitini, nashika nguzo, nasimama kwa mguu mmoja, jasho linanitoka kwa maumivu. Nnajua dini imeniruhusu kukaa. Lakini katika uzima wangu wote wa zamani, kile kisimamo ndicho kitu pekee kilichonibakia, na sikutaka kukiacha. Nikishasujudu, siinuki mpaka niinuliwe. Hilo la kuinuliwa halikumfikia tajiri.

Nikashtaki kwa kadhi. Nikaambiwa ningoje, siku ya kusikilizwa nitaitwa. Kisha kadhi akaugua. Kisha ukaingia Ramadhani. Tukangoja.

Kungoja kule, ndugu zangu, kulinitesa kuliko jiwe. Salha, ambaye kwao hakuwahi kujitwisha ndoo, akawa anawatekea watu maji kisimani, nyumba baada ya nyumba, kwa kibaba cha mchele na makombo ya samaki. Mie nimelala kwenye mkeka, nnamsikia akikohoa tangu mwanzo wa njia. Nilikuwa nikigeukia ukuta ili asinione uso wangu.

Jirani yetu Suleiman, mtu mwema, akaja na shauri. Niache kwenda msikitini. Nisalie nyumbani, nijilaze nje mlangoni mchana watu wanione, na siku ya kadhi nibebwe kwenye kitanda kama maiti. Alinihurumia, simlaumu. Na mie nilikuwa tayari kukubali. Salha alikuwa kakaa anachambua mchele, akainua kichwa.

"Mwenyezi Mungu keshakupa ulemavu wa kukutosha," akanambia. "Usijiongezee."

Akarudi kwenye mchele wake. Nikaendelea kwenda msikitini.

Baada ya Idi kikohozi kilimshukia kifuani. Siku aliyozidiwa alianguka ndani ya nyumba, hatua chache kutoka nilipolala, na sikuweza kumnyanyua. Nilijiburura nikampakata kichwa, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Walimkimbiza hospitali. Hakurudi. Tulimzika, au niseme walimzika, mie nilikaa kwenye mchanga pembeni nikitazama.

Siku chache baadaye ndipo nikaitwa kwa kadhi.

Suleiman alikuja na punda kunichukua. Nikamwambia simtaki kadhi, simtaki tajiri, sina tena wa kumlisha. Alifungua sanduku kunitafutia nguo, akakuta kanzu yangu imefuliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu kabisa. Salha alikuwa kaitayarisha kwa siku ile, kabla hajaugua. Suleiman akainyoosha mbele yangu. Nikaivaa.

Mbele ya kadhi walikuwepo tajiri na Hamed. Kadhi akaniuliza kama ni kweli nnasali nimesimama. Nikasema ni kweli. Nikamuona tajiri akipumua, kama mtu aliyemaliza shughuli. Kadhi akamgeukia Hamed, akamwapisha.

"Alipotoka kwenye sijda," akamuuliza, "aliinuka vipi?"

Hamed akatazama mkeka.

"Tulimuinua."

"Nani?"

"Mie, na aliyekuwa upande wa pili."

"Kwa nini hukusema hayo?"

"Sikuulizwa."

Kadhi hakumkemea. Alimwambia tajiri posho yangu irudi, na isikatwe tena maisha yangu yote. Kesho yake gunia likafika, likawekwa ndani pale pale Salha alipoanguka. Sikuwa na mtu wa kunipikia. Nilililia gunia lile, ndugu zangu, kama linalozikwa.

Watu huniambia Mungu kaniokoa na njaa. Ni kweli, nnamshukuru. Lakini ningalilala mbele ya kadhi kwenye kitanda cha uwongo, hata kama ningalishinda, leo ningalikuwa nnakula mchele wa haramu na nimepoteza msikiti, na nimempoteza Salha vile vile. Mola alinishika kwa maneno machache ya mwanamke mwenye njaa. Hivyo ndivyo alivyonitoa. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Bado nnaumwa, na bado nyumba ile ni kimya.

Nyinyi mnangoja kazi, mnangoja vibali, mnangoja khabari za jamaa zenu mliowaacha. Sikuambiini mtapata. Nnakuambieni mtegemeeni Mwenyezi Mungu, na msiseme uwongo kwa ajili ya chakula. Muombeeni Salha. Na aliyechoka kungoja peke yake, aje kwangu. Nyumba ni ya pili ukipita kisima. Usibishe hodi ukangoja, sukuma tu. Mlango siufungi, maana kuinuka kuufungua kwangu ni safari.