Harufu ya Mhasibu

Basi la wafanyakazi wa chuo lilikuwa na nafasi tele. Mbele yangu fundi wa maabara alikaa dirishani, na pembeni yake mama wa maktaba. Fundi alikuwa amefura. "Dada yangu, mtu mzima nishuke ghorofa nne, nitoke nje ya geti, nikavute sigara kama mwizi? Huu ni uonevu!"

"Uonevu ni sisi kumeza moshi wenu. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikadai mpigwe marufuku kuvuta chuoni."

Fundi aligeuka kama aliyeumwa na siafu. "Wewe?"

"Mimi. Marehemu mume wangu alikuwa mhasibu hapahapa chuoni. Akija kunichukua jioni, namjua kwa harufu kabla sijamwona. Nilimsihi aache, akanicheka. Mapafu yakamwondoa."

"Pole, dada," fundi alisema taratibu. "Basi umeshinda."

"Nimeshinda nini? Siku hizi korido zinanukia sabuni tu. Juzi kapita mtu na sigara kama zake, nikajikuta namfuata mpaka kituoni, na wala simjui."

"Kwa hiyo waturuhusu tena?" Wavutaji hawakati tamaa upesi.

"Thubutu! Atakayejaribu atanikuta mlangoni."

"Sasa unataka nini, dada?"

Basi lilisimama, fundi akainuka kushuka. Alipokuwa akipita, koti lake lilimgusa mama wa maktaba shavuni. Mama akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.