Wasifu wa Dokta Nakhle Freiji na Betri Yake ya Maji

Marehemu Dokta Nakhle Saba Freiji alizaliwa Duma, milimani juu ya Batrun, tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Saba na Mama Adla. Mimi, Wadia, ni dada yake.

Alisoma shule ya kijijini, akapata shahada ya kemia Beirut mwaka 1985, vita vikirindima, kisha udaktari Ufaransa. Walimpa kazi huko. Akaikataa, akarudi kufundisha katika nchi isiyo na umeme. Lilikuwa kosa, na nilimwambia.

Mwaka 1994 alimwoa Salwa, katika kanisa hili hili.

Betri za jirani zilipowaka kwenye ngazi na kuua mama mmoja na wanawe wawili, Nakhle aliapa kutengeneza betri ya zinki na maji, isiyoshika moto. Tabu ya betri hiyo ni kutodumu: zinki huota miiba, maji hutoa gesi, betri huvimba na kufa. Alijaribu chumvi za kila aina, mwisho akatia asali ya kharubu, sharubati nzito ya maganda matamu ya mti huo, aliyoipika mama yetu. Mama akamkemea:

"We Nakhle! Hiyo ya kulia mkate, si ya kunywesha mabati!"

Miiba ikapungua. Majirani walimcheka: "Dokta, hiyo betri yako ya maji si utuchemshie chai basi!" Leo wamejaa viti vya mbele na mashada yao. Haya, karibuni.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anaishi kwa mashine ya oksijeni. Betri ilikaa chumbani mwake, ikijazwa na jua mchana, ikiendesha jokofu usiku. Haitatoka kwa watu, alisema, mpaka itimize siku elfu moja bila hitilafu.

Tarehe 11 Februari 2025, siku ya 968, saa tisa alasiri, jenereta ya mtaa ilizimika kwa kukosa dizeli. Mtungi wa akiba wa oksijeni ukaisha. Salwa alikimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mimi nikashika nyaya za betri niiunge na mashine.

"Dada, usiiguse. Mashine itainyonya kupita kiasi, hesabu ianze upya. Watu wameshakufa kwa betri mbovu."

"Na wewe je?"

"Umeme utarudi."

Nikamtii. Haukurudi. Saa kumi na moja alikata roho mikononi mwangu.

Kwa hasira niliichomeka mashine kwenye betri yake. Ilivuma saa tano mfululizo kando ya mwili wake, na betri haikuvimba hata kidogo.

Ameacha mjane wake Salwa, binti yake Rima, ambaye theluji imemzuia Montreal, na mimi. Mungu amlaze pema. Pumzika, Nakhle. Mimi niliyekutii sitapumzika.