Daktari Toa Mrija Anatungua Koti

Kwa heshima na taadhima, wodi ya wagonjwa mahututi inawatangazia wote kwamba ndoano ya nyuma ya mlango sasa iko wazi. Imebeba koti moja tu kwa miaka thelathini na mmoja, na mwenye koti anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Maombi yanapokelewa.

Alipoingia hapa alikuwa mwembamba na mwenye nywele. Vyote viwili vimebaki kwenye picha ya kitambulisho. Enzi hizo maabara wakituletea habari kwamba chupa ya damu ya mgonjwa iliyopelekwa kupimwa imeota fangasi, wengi wetu tulisema labda ni uchafu tu, tungoje. Yeye hakungoja. Dawa ianze leo, mrija wa kupitishia dawa shingoni utoke kwa kuwa fangasi hujificha humo, damu ipimwe tena mpaka isafike, na macho yaangaliwe, maana fangasi hupenda kuhamia huko. Umri wa mgonjwa hatuupunguzi, alisema, na figo zake hatukuziumba. Lakini kuchelewa ni kwetu wenyewe.

Ndipo tukambatiza Toa Mrija. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, anaapa kwamba nyumbani hata bomba la kumwagilia bustani halilali limechomekwa.

Wakongwe wanamkumbuka mpishi wa kantini yetu, aliyelazwa baada ya kupasuliwa tumbo. Mishipa ya mikono ilikuwa imegoma, mrija wa shingoni ndio njia pekee, na fangasi wameshaingia kwenye damu. Muuguzi mkuu hakumung'unya maneno: "Daktari, ukiutoa huo, dawa utampitishia wapi? Puani?" Toa Mrija akavuta kiti, akapapasa mikono ya mpishi asubuhi nzima kama mtu aliyeangusha funguo nyasini, mpaka akapata kamshipa karibu na kidole gumba. Mrija ukatoka. Homa ikakaidi, tukaanza kumtazama mpishi kwa macho ya kuagana. Kisha ikalegea. Mpishi yuko jikoni hadi leo, na sahani ya daktari ndiyo pekee isiyozidi chumvi.

Si wote waliopona. Yupo mshonaji ambaye damu yake ilisafika, figo zikakataa. Siku ile koti halikurudi kwenye ndoano. Daktari alilikunja, akakaa nalo mapajani mpaka ndugu wa marehemu walipofika.

Tangu aanze likizo ya kustaafu, anapiga simu wodini kila asubuhi, eti anaulizia mwavuli wake. Mwavuli anao. Anachohofia tunakijua: kwamba akishaondoka tutarudia kungojangoja, na mirija itageuka wapangaji sugu shingoni mwa watu.

Daktari wetu, ahsante kwa ubishi wako wote. Uamke jua likiwa juu, bustani ikustawie, na mama avumilie.

Jumanne, damu ya mzee wa kitanda cha dirishani iliota fangasi. Dawa ilianza na mrija ukatoka kabla ya chai. Hakuna aliyekumbuka kukupigia simu.